Jina Lililoitwa Darajani

Mtoto wa Chepkemboi alipiga chafya mahali pabaya. Walikuwa wanatoka hospitali alikojifungua siku mbili kabla, wakivuka kwa miguu daraja jipya la Bomet, saa nne asubuhi, malori ya majani chai yakipita, na kule chini kwenye nguzo mtu akaita, "Kipsang!" Mtoto akapiga chafya. Baba yake, Bethwel, akachungulia mtoni. Hakukuwa na mtu. Palinuka simiti mbichi, ilhali daraja lilimalizika mwaka jana.

"Twende," akasema, akatangulia mbio na kumwacha mkewe nyuma.

Cheka tu, lakini sisi Wakipsigis tunajua. Mtoto huitiwa majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja moja, na akipiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Nyumbani Tecla, mama yake Bethwel, aliyaita yote, hata akamnusisha ugoro. Wapi! Mtoto hakupiga chafya, macho wazi. Na tangu darajani alikuwa amekataa titi.

Hospitali walimpima wakasema hana kitu. Pasta aliomba mpaka sauti ikakauka. Siku ya tatu midomo ya mtoto ilipasuka, na nyumba nzima, kutoka jikoni hadi kwenye blanketi lake, ikanuka simiti mbichi, na ukiweka sikio kifuani mwake unasikia kitu kikizunguka, krr, krr, kama mashine ya kuchanganya kokoto, hakipumziki hata akilala.

"Kipsang ni nani?" Tecla akauliza kwa sauti ya chini, baada ya Chepkemboi kumsimulia ya darajani. "Kwetu hakuna."

Bethwel akaanza kulia. Alikuwa fundi kwenye daraja hilo. "Mama, ni rafiki yangu. Tukimwaga simiti ya nguzo akateleza, akaingia ndani. Foremani akasema tuseme ametoroka kazi. Mamake bado anamngoja huko Siongiroi."

"Ghai! Na mkaendelea kumwaga?"

"Mashine ilikuwa na kelele. Haki ya Mungu, sikumsikia akiita."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye, labda atanyonya." Akamwekea mtoto mapajani.

Bethwel akamwinamia mtoto. "Kipsang, nisamehe. Sikukusikia."

Yule mtoto wa siku tano akageuza shingo, polepole, akamtazama.

"Ulisikia," akasema kwa sauti ya mwanaume. "Hata uliniambia ningoje."

Chepkemboi akapiga nduru, akamnyakua, akamsogezea titi. Mdomo ulikuwa umefungwa, mgumu na baridi, na haukufunguka tena.