Sauti Ndani ya Bomba

Mnisamehe mapema. Hadithi ya majini inataka msimuliaji mwenye sauti nzito na uso mkavu. Mimi nikianza kutisha, watoto wanacheka na kuomba nirudie. Itakapoharibika nilaumuni mimi, jini hana kosa.

Palikuwa na fundi bomba aliyependa vyura wa mitini kuliko wateja. Nyuma ya nyumba alichimba kidimbwi, akaacha majani yaote, akasimamisha vipande vya mabomba ardhini ili vyura wajifiche humo mchana. Jioni huchungulia na tochi. Akiona macho mawili yaking'aa mdomoni mwa bomba, hucheka kama kapata mtoto.

Mkewe tulimwita Redio. Akifua anaongea, akipika anaongea, akisinzia anatoa muhtasari.

"Mume wangu, jirani kanunua—"

"Shhh! Vyura hawapendi kelele."

"Na mimi je, nani ananipenda?"

"Nyamaza kwanza, mama. Nimeona jicho."

Kila jioni hivyo. Mabomba yote fundi aliyaziba chini, maji yatuame ndani. Moja tu, lililozidi urefu, alilishindilia likiwa wazi. Lilipozama, kitu kikalivuta kidogo kutoka chini, kama mtu anayepokea glasi. Akasema ni udongo laini.

Kesho yake vyura hawakulia. Bustani ilinuka kutu na nywele zilizoungua.

"Koo limekauka," mkewe alinong'ona.

"Afadhali," fundi akajibu, akatoka na tochi.

Akainama juu ya lile bomba refu akitafuta macho mawili, asione jicho bali giza lililopanda taratibu kama maji kisimani, likija na joto la pumzi, mpaka likamfikia usoni, na humo, karibu kabisa na sikio lake, ikatoka sauti ya mkewe, ile ile, yenye kicheko katikati: "Mume wangu, jirani kanunua—"

Akageuka. Mkewe alikuwa mlangoni, mdomo ukifunguka na kufumbika, hautoki hata upepo.

Akaitwa mganga, mama mmoja mfupi asiyependa salamu ndefu, akalizunguka bomba.

"Nani alimwambia mkeo anyamaze?"

"Mimi. Lakini kwa utani tu, mama."

"Jini wa humu hajui utani. Kasikia kitu kinakataliwa kila jioni, kaja kukichukua."

"Mwambie akirudishe!"

"Kumfukuza naweza. Kumnyang'anya siwezi. Tukimwacha, atambeba mkeo mzima."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa: ng'oa.

Mganga akasoma, fundi akang'oa. Sauti ikalia, ikamwita fundi kwa lile jina la chumbani, ikadidimia chini kwa chini mpaka ikakatika.

Sasa vyura wamejaa hadi madirishani, na fundi hawashi tochi. Hukaa jikoni akimsimulia mkewe habari za mtaa, vibaya, akichanganya watu. Mkewe humsahihisha kwa vidole, kisha huchoka, huangalia ukuta.

Mnamlaumu fundi? Mwacheni. Vyura hawajali kelele hata kidogo. Mimi ndiye jirani wa ukuta mmoja niliyemdanganya kwamba wanajali, maana nilitaka kulala mapema. Na usingizi sijaupata: ile sauti haikwenda mbali. Iko chini ya kitanda changu, inatangaza mpaka asubuhi, na habari zote ni zangu.