Kibanda Kilichoipa Barabara Kisogo

Usiniamini. Bisha, cheka, nipigie hata mluzi. Mimi mwenyewe, ningesimuliwa haya na mtu mwenye domo kama langu, ningemwambia akawadanganye watoto wenzake. Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini kwenye uashi usinichezee: ukuta wangu, pima maji inakuja kujifunzia kunyooka.

Haya. Barabara ilikuwa inapanuliwa. Kwenye kona, mbele ya nyumba ya dada yangu ninamokaa, palikuwa na kibanda cha mawe, kimo chake kinanifika kiunoni, kina kimlango kimoja cha kupitisha mkono. Aliyekijenga hajulikani. Lakini dereva hakipiti kimya. Huyu anapiga ishara ya msalaba, yule anatoa asalamu aleikum kama anapita barazani kwa mtu, wa lori refu anaunganisha viganja na kuinamisha kichwa, na yule asiyeamini chochote anapiga honi, eti anaijaribu tu. Wengine wanashuka kabisa, wanaacha maua, mshumaa, maji kwenye kikombe. Kila mtu na dini yake, kibanda ni kimoja.

"Hivi wanajua wanachokisalimia?" nilimwuliza dada.

"Wanajua wanachokikwepa."

Msimamizi wa barabara akanipa kazi: kihamishe nyuma kidogo, kijenge vilevile, watu wasije wakatuletea maneno. Nikakibomoa jiwe kwa jiwe, nikakipanga upya, kikapendeza kuliko zamani. Ila mlango niliugeuza. Malori yanarusha matope, bwana; fundi mwenye akili mlango anauelekeza upande mkavu. Na upande mkavu ndiko iliko nyumba ya dada.

"Umekifanya kiipe barabara kisogo," dada akasema, ameshika kiuno.

"Nimekipa mandhari. Kilichoka kuangalia matairi, sasa kinaangalia mrembo."

"Mwanamume mzima, akili za kuku."

Madereva walipofika kwenye kona wakakuta ukuta mtupu, hakuna mlango wa kuusalimia, wakapita zao. Honi zikakatika. Mimi nikashukuru, nikasema sasa nitalala mchana bila kelele.

Na ni mchana ndipo ilipoanza. Jua la utosi, dada anafua uani, mimi nimejinyoosha kwenye kochi. Mlangoni pakabishwa hodi. Sauti ya kawaida tu, ya mtu mwenye adabu zake. Kidosho, binti wa dada, mtoto ambaye hata viatu anavaa kushoto kulia, akaitika kama alivyofunzwa:

"Karibu!"

Hakuingia mtu. Iliingia harufu: maua yaliyoozea kwenye maji, na moshi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Mgeni. Ameshakaa."

Nikatazama viti. Vyote vitupu. Nikajicheka, nikageukia ukutani.

Kesho yake Kidosho alikaa chini kwenye pembe, kati ya kabati na ukuta, magoti yamegusa kidevu, anasema polepole, "Marahaba." Kimya. "Marahaba."

Dada akachuchumaa. "Unamwitikia nani, mama?"

"Ananiamkia."

"Nani anakuamkia?"

"Mkubwa."

Lini umesikia mkubwa akampa mtoto shikamoo? Na kila alipoitika, sauti ilimpungua. Asubuhi ilikuwa ya mtoto, jioni ikakwaruza kama ya bibi kizee, keshokutwa yake ikawa mnong'ono. Mikono yake ikapoa kama mtungi wa maji. Daktari akamulika koo, akasema koo zima. Tukirudi nyumbani ile harufu inatupokea kabla ya mlango kufunguliwa, na usiku tunamsikia kitandani, katikati ya usingizi, anaitika, anaitika, bila kupumzika, kama mtu anayepokea waombolezaji mlangoni na foleni yao haina mwisho.

"Fanya kitu," dada akaninong'oneza. Tulikuwa tunanong'ona ndani ya nyumba yetu wenyewe. "Wewe si fundi wa kila kitu? Fanya kitu."

Akaletwa mganga. Mama mmoja mkavu, kaja kwa pikipiki, na kofia ngumu hakuivua. Ndani hakuingia. Alikizunguka kibanda, akakinusa, akaniangalia.

"Fundi nani?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Hongera. Umetazamanisha mlango na mlango." Akatema mate pembeni. "Hiki kinaishi kwa salamu. Njia nzima ilikuwa inakipa, kila mpita njia tone lake. Wewe umekikabidhi kwa mtoto mmoja. Kitamnywa sauti, na sauti ikiisha kitaanza pumzi."

Dada akashika nguzo ya kibaraza.

"Geuza mlango kabla jua halijazama," mganga akaendelea. "Ukivunja, kitatoka nje, kitakuwa hakina kwao. Kitabisha hodi. Asiitike mtu. Kikikosa mwitikio kitarudi kwenye mawe yake."

Dada akaingia ndani na mtoto, akafunga. Mimi nikashika nyundo. Jiwe la kwanza lilipotoka, upepo ulikufa, na kunguru waliokuwa wanagombana juu ya paa wakanyamaza wote kwa pamoja, na nikasikia nyuma ya shingo yangu, karibu kabisa, hodi, kwa sauti ya dada, nami najua dada yuko ndani, nikaendelea kupanga mawe, hodi, kwa sauti ya mama yetu ambaye tulimzika sisi wenyewe, simiti inamwagika, hodi, hodi, inakizunguka kibanda, inauendea mlango wa nyumba, inarudi, na ile harufu imenijaa mdomoni mpaka nikawa natafuna maua, na jua limebaki kipande chembamba kama ukucha, ndipo nikapachika jiwe la mwisho na mlango ukaitazama barabara.

Kikaingia. Kimya. Lori likakata kona, dereva akaona mlango, akapiga honi ndefu. Ndani ya nyumba Kidosho akalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto mwenye kiu, na dada akalia zaidi yake. Mganga akawasha pikipiki. Mtaa mzima unajua: fundi alikirudisha kwao.

Ndivyo ninavyowaambia watu.

Ila nimeruka kipande. Hakikuingia kwenye mawe. Jiwe la mwisho lilikuwa bado mkononi mwangu, na dirishani nikamwona Kidosho amejinasua kwa mama yake, uso umegusa nondo, mdomo umeshafunguka. Angeitika. Ilibaki pumzi moja. Nikageuka, nikapiga kelele kumtangulia:

"Karibu! Karibu kwangu!"

Mganga alisikia. Ndiyo maana aliondoka bila kuaga.

Madereva wanasalimia kibanda kitupu. Mimi nalala chumba kinachopakana na cha Kidosho, na ikifika saa yake kile kilichotoka humo kinaniamkia, shikamoo, shikamoo, kwa heshima zote, karibu na mto wangu. Naitika. Sauti imeanza kukwaruza, nasema ni vumbi la simiti. Usiku mmoja nilijikaza, nikanyamaza kabisa. Kikasubiri kidogo. Kisha nikakisikia kinainuka, kinatoka, kinabisha mlango wa pili.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba. Rudi."