Zamu ya Saa Nane

"Mwanamume mzima kujikunyata chini ya meza kama paka! Aibu hiyo utaiweka wapi?" Hivyo ndivyo dada yake alivyomwambia, mbele ya mkewe, tena kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Yule askari akatambaa kutoka chini ya meza ya chakula, akajipangusa vumbi magotini.

"Mwache, wifi. Amechoka," mke akasema.

"Amechoka na nini? Vita viliisha mwaka jana! Mimi ndiye niliyechoka, kukaa nyumba moja na bubu."

Dada huyo mdomo wake hauna kufuli, nyote mnamjua. Nyumba ilikuwa ya marehemu wazazi wao, wanaishi humo wote: yeye, mdogo wake huyo askari, mke na kabinti kao ka miaka miwili. Askari alikuwa ameshavua magwanda, anashona magodoro kwenye karakana ya mtaa wa pili. Na watu walimcheka huko. Fundi magodoro asiyelala, nani atanunua kwako?

Maana hakuwa analala. Wiki tatu nzima. Ilianza kidogo tu, kama mzaha. Kila ikifika saa nane mchana inakuja harufu ya udongo mbichi, kama mtu kachimba shimo hapo hapo sebuleni, na ndani yake mafuta ya bunduki. Halafu kifundo cha mguu wake wa kushoto kinabanwa. Mara mbili. Kisha kimya, kile kimya cha mtu anayesubiri ajibiwe.

Siku moja alibanwa akiwa kazini, sindano ndefu mkononi, akajichoma kiganja hadi upande wa pili. Bosi akamrudisha nyumbani. Ndipo mkewe alipomkalisha jikoni, mtoto kakaa sakafuni anachezea mwiko, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, leo utasema. Nani anakubana?"

Akasema.

"Kule tulikaa wawili wawili kwenye handaki. Mmoja akilala, mwenzake anakesha. Zamu ikiisha hupigi kelele, adui yuko karibu. Unambana mwenzako kifundo mara mbili, na yeye lazima aseme 'nimepokea'. Asiposema, wewe hufumbi jicho."

Mwenzake walimwita Kijiko, kwa vile hakuachana na kijiko chake hata akikimbia risasi.

"Ilikuwa siku ya nne hatujalala usingizi wa maana, mke wangu. Ukikaa siku nne hivyo unaona miti inatembea. Masikio yanavuma kama nzi wamo ndani. Hata woga unakwisha, unabaki na usingizi tu. Ukiambiwa chagua kuishi au kulala, unachagua kulala. Saa nane mchana Kijiko akanibana. Nikasema nimepokea. Nakumbuka mdomo wangu ukisema. Lakini macho sikuyafungua."

Mke akaweka kisu juu ya kitunguu, hakukata tena.

"Akaniamini, akalala. Nilipozinduka alikuwa juu yangu, mzito, na viatu vya wale watu vinapita ukingoni mwa shimo. Nilikaa chini yake mpaka jua likazama. Na nilifurahi. Unanisikia? Nilifurahi kwamba ni yeye."

"Basi ni yeye amekuja?"

"Anataka niseme tena. Nikisema nitalala. Nikilala wataingia, watawaua nyie."

"Kina nani, baba?"

Alikuwa anautazama mlango.

Mke akamleta mama mmoja mtu wa dawa. Yule mama akavua viatu, akanusa, akaingiza mkono chini ya meza na kukibandika kiganja sakafuni kama anayempima mtoto homa. Alipoutoa, kucha zilikuwa na udongo, na sakafu ile ni ya saruji.

"Huyu siye rafiki yako," akasema. "Maiti hana shida na usingizi wako. Mlichimba shimo nyumbani kwa jini, mkamwagia damu, na siku zote hizo alisikia neno moja tu kutoka kwenu. Kalishika. Ameona mtu akilisema, mtu anakufa, naye anashiba. Atakayemjibu ni wake, atakeshea zamu isiyo na mwisho. Nitafukiza siku saba atoke. Ninyi kazi yenu moja: asijibiwe."

"Yaani dawa yenyewe ni kunyamaza?" Dada akacheka. "Humu ndani? Basi tumekwisha!"

Siku nne za mwanzo zilipita. Harufu ikaja, kifundo kikabanwa, askari akauma kola ya shati mpaka ikachanika, akanyamaza.

Siku ya tano, saa nane, harufu ikaja na kifundo hakikubanwa. Askari akangoja. Akatazama mguu wake, akamtazama mkewe, mkewe akatabasamu kidogo kwa kudhani kumekwisha, na hapo ndipo waliposikia mtoto anacheka kule kwenye mkeka, kicheko cha mtoto anayetekenywa, wakageuka wote watatu, wakaona nyama ya kifundo chake kidogo ikididimia, vidole viwili na gumba, bila mkono, ikaachia, ikadidimia tena, na udongo mweusi ukawa unachuruzika kwenye mkeka kutoka hewani, na mtoto, ambaye siku hizo alikuwa anajifunza kusema na kila asikialo jikoni analirudia, akakunja uso kama mtu anayekumbuka, akafungua mdomo, akasema, "Nime..."

Baba yake hakuweza kunyanyuka. Alikuwa tena chini ya ule uzito, anausikia kifuani, na vile viatu vinapita, na neno limemjaa mdomoni, anataka kulisema yeye, halitoki.

"Nime... po..."

Dada yake akaruka. Yule mwenye mdomo. Akamziba mtoto kinywa kwa kiganja, akaisukuma miguu yake mwenyewe pale kwenye udongo, akafoka kama anavyofoka siku zote, "Wee! Unahangaika na mtoto mdogo, huna haya? Mimi hapa! Nimepokea!"

Harufu ikazimika kama mshumaa.

Askari akaanguka pale pale, akalala siku mbili, anakoroma. Mama wa dawa alirudi siku ya sita, akafika mlangoni, akaona nani kakaa kwenye kiti cha dirishani, mgongo wima, macho hayapepesi. Akageuka, akaenda zake na vyetezo vyake.

Sasa mdogo mtu kila siku anapiga magoti mbele ya kiti kile. "Dada, nibane mimi. Nirudishie, ni yangu."

"Ondoka hapa, mjinga wewe! Ulipewa ukasinzia, nikupe tena?" Matusi yapo yale yale. Kope tu ndizo hazishuki.

Lakini wiki iliyopita, ilipofika saa nane, wifi mtu aliuona mkono wa dada ukishuka wenyewe kutoka pajani, polepole, unatafuta miguu ya watu, na mwenye mkono anautazama huku machozi yanamtoka. Sasa ameomba afungwe kwenye kiti kwa mtandio, akafungwa. Na juzi jirani wa nyumba ya tatu, amejilaza zake mchana, akabanwa.

Kwa hiyo dada kaleta salamu, na kasema zisipunguzwe: asije mtu kumtazama mchana. Na yeyote aliyelala kwake, popote, akihisi kifundo kinabanwa mara mbili, anyamaze. Hata akisikia sauti ni ya dada. Hata ikilia. Hata ikimwita jina.

Mimi nimeshakuambia. Nenda nawe ukawaambie wa kwenu, na uanze na watoto.