Kopo la Mkaa wa Mifupa

Jioni hiyo Profesa alirudi nyumbani na kopo kwapani, pua juu. Hakuwa profesa wa chochote. Kiwandani alikochochea tanuru walimpa jina hilo kwa kumcheka, naye, kwa akili zake nyingi, akalipokea kama heshima.

Ndani ya kopo mlikuwa na mkaa wa mifupa. Aliiokota mifupa nyuma ya machinjio, akaiponda, akailoweka kwenye asidi, akaichoma tanuruni mpaka ikawa punje nyeusi zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo hunyonya uchafu wa maji na harufu za vyumba. Baada ya tanuru ilibidi ioshwe mpaka ukali wa asidi uishe, la sivyo punje hazishibi harufu tu. Akaona uvivu. Mizoga nayo ibembelezwe?

Alilifungua kopo chumbani kwa mama mkwe wake, aliyekuwa akiuguzwa humo nyumbani na kunuka dawa ya kuchua. Harufu hiyo ilimkera Profesa kuliko ugonjwa wenyewe ulivyomsikitisha.

"Litoe, baba," mama mkwe alinong'ona. "Linavuta."

"Ndiyo kazi yake, mama. Lala."

Akafunga mlango, akajinyoosha sebuleni. Harufu ya dawa ikapungua. Ikaisha. Akatabasamu peke yake kama mjinga, maana ndivyo alivyokuwa.

Kisha kikohozi cha mama mkwe kikakatika katikati.

Mlio mwingine ukaanza mle koponi.

Chak. Chak. Kama mtu anayetafuna mchanga polepole.

Alipofungua mlango, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Shuka halikuwa na hata mkunjo. Akashika kopo alitoe nje. Halikunyanyuka.

Mkewe alikuwa jikoni akiosha vyombo.

"Mama yako..." Profesa alisema. "Hayumo chumbani."

"Mama gani?" Mkewe alicheka. "Kile si chumba cha mizigo tangu tuhamie?"

Bingwa wetu akatega sikio upande wa chumba. Alitamani yule bibi akohoe, hata mara moja tu, na dawa yake inuke nyumba nzima.

Mkewe akamsogelea, akanusa kola ya shati lake.

"Mbona leo hunuki moshi wa tanuru?" aliuliza. "Hunuki kitu chochote."

Chak. Chak.

Mkewe akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama kwa adabu.

"Samahani, kaka," alisema. "Ulisema unamtafuta nani?"