Nani Kaufuta Mji wa Dorsaf?

Kila alasiri akitoka shule, Dorsaf huvua viatu mlangoni, hupaka mkate wake harisa, rojo la pilipili, na mafuta ya zeituni, kisha huenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya sebuleni.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Ilipoanza kuchechemea, shangazi yake Monia, mwalimu wa kompyuta kwenye nyumba ya vijana hapo mjini Sfax, aliiondolea mfumo wa Windows akaiwekea Linux, mfumo mwepesi zaidi. Ili michezo ya Windows ikubali kuchezwa humo, aliweka programu ya mkalimani: mchezo unasema lugha yake, mkalimani anafasiri, kompyuta inaelewa. Katika mchezo mmoja Dorsaf alikuwa amejenga mji mzima, wenye bandari na tramu. Jumamosi angeuonyesha mbele ya watu kwenye nyumba ya vijana.

Jana mchezo ulikuwa unakwamakwama. Dorsaf alisoma ushauri mtandaoni, akaingia kwenye mipangilio, akachagua mkalimani mpya na kubofya "chumba kipya". Mama akamwita kula, naye akazima kompyuta na kusahau.

Leo mchezo ulifunguka upesi, lakini mji haukuwepo. Palikuwa na maneno matatu tu: Anza mchezo mpya.

Moyo ulimlipuka. Kando ya kibodi aliona maganda ya mbegu za alizeti, na nyumbani mle mtafunaji wa mbegu hizo alikuwa mmoja tu: Ghassen, mtoto wa mjomba wake wa Gabès, aliyekaa nao ili asome Sfax. Tangu hapo Dorsaf alimchunguza kama paka anayevizia panya. Ghassen akicheka, aliona anachekwa yeye. Ghassen alipomgawia chungwa, alijiambia, "Anajikosha huyu."

Usiku, mezani, mama yake, Nejiba, alimuuliza, "Mbona huli?"

"Muulize Ghassen. Anajua alichokifanya."

"Nimefanya nini tena?"

"Umeufuta mji wangu. Wivu tu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Nilikaa pale kuangalia matokeo ya mpira. Mchezo wako hata sikuugusa."

"Unafikiri mimi mjinga?"

Baba alimtazama Ghassen kwa muda mrefu. Jicho lile lilimuuma kijana kuliko tusi. Kesho yake alitoka chumbani na begi lake. "Shangazi," alimwambia Nejiba, "naona nirudi kwetu."

Nejiba alimsihi angoje kwanza Monia aje aitazame kompyuta. Monia alifika alasiri, akaketi, akafungua mipangilio.

"Hapa pana mkalimani mpya na chumba kipya," alisema. "Mchezo huhifadhi vitu vyake ndani ya chumba chake. Ukiuhamishia chumba kipya, unaingia mikono mitupu, na vya zamani vinabaki kule kule. Nani alibadilisha?"

Nejiba akamgeukia Ghassen. Dorsaf alihisi masikio yakiwaka, maana sasa alikumbuka. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Ghassen atarudi Gabès na lawama isiyo yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilifuata ushauri wa mtandaoni."

"Ushauri wa mchezo huu?"

"Wa mwingine."

"Hiyo ni kunywa dawa aliyoandikiwa jirani. Kila mchezo una mpangilio unaoufaa, na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine."

Monia aliurudisha mchezo kwenye chumba cha zamani, na mji ukatokea mzima. Dorsaf hakuutazama. Alikuwa anamtazama Ghassen.

"Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Mbona unanong'ona? Jana ulipaza sauti."

"Ana haki," Monia alisema. "Sikiliza, mwanangu. Kitu kikiharibika, kabla hujauliza nani kagusa, jiulize wewe umebadilisha nini. Na uliyemtuhumu mbele ya watu, msafishe mbele ya watu hao hao."

Usiku, wote walipokuwa mezani, Dorsaf alisimama akasimulia yote, hata jinsi alivyotaka kunyamaza.

Baba alimgeukia Ghassen. "Na mimi nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa macho."

Ghassen aliinama kidogo, kisha akavuta kiti chake karibu na meza. "Basi nipeni samaki," alisema. "Tangu jana sijala."