Aliyeitwa Ahame

Haya yalimkuta shemeji yangu Hawo, mkutubi wa maktaba yetu hapa Garsen. Mimi nilibeba maboksi tu. Nimeendesha malori mpaka Juba na Lubumbashi, nimelala katika miji ambayo hata mbu wake walinihurumia, na kote huko sikuwahi kukutana na jini. Nilidhani wananikwepa kwa sababu ya soksi zangu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Jua kali, chai ya maziwa ya ngamia tumboni, na mimi, dereva wa lori la matairi ishirini na mawili, nimeshika kamba ya punda. Maktaba ilikuwa inahama.

Huko kuhama kulikuwa kumeugawa mji. Jengo la zamani lilikuwa na ufa ukutani, mpana wa kupitisha mkono, na watoto wa mtihani walisoma chini yake kila alasiri. Hawo alitaka jengo jipya kabla ukuta haujamwangukia mtoto wa mtu. Wazee wakakataa. Mramba, mlinzi wa pale, alizama humo mwaka wa mafuriko makubwa akipandisha vitabu rafu za juu. Vitabu vilipona. Maiti yake haikuonekana.

"Mkibomoa, Mramba aende wapi?" mzee Halkano aliuliza barazani.

"Na ukuta ukianguka, mzee wangu, wajukuu zako waende wapi?" Hawo akamrudishia.

Jengo jipya likasimama, bondeni kuelekea mtoni, maana kiwanja cha bure hukichagui, kinakuchagua.

Tulipokwisha kupakia, Hawo akarudi mlangoni. Kwao, wanapovunja nyumba kuhama na ng'ombe, mama mwenye nyumba hutoka wa mwisho, na kabla ya kutoka huita ndani, asije akaachwa mtoto aliyelala. Kalelewa hivyo. Akaingiza kichwa katika chumba kitupu.

"Aliyebaki atoke! Tunahama sote!"

Nikacheka. "Shemeji, hata panya unawaaga?"

Hakucheka. Alisogea kando taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Umeona nini?"

"Sijaona," akanong'ona. "Nimepitwa."

Punda akagoma. Magurudumu ya mkokoteni yalididimia mchangani kana kwamba tumepakia saruji. Mzigo ulikuwa uleule.

Tulipofika jengo jipya tulivipanga vitabu, tukafunga, tukaenda kuswali adhuhuri. Kurudi, rafu za chini zilikuwa tupu. Vitabu vyote viko juu, vimenyooka, migongo imetutazama. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Hawo.

"Shemeji, acha mizaha yako."

"Wallahi, mimi na kupanga vitu? Muulize dada yako!"

Tukavishusha. Siku iliyofuata vikapanda tena. Halafu na rafu za katikati zikabaki tupu. Watoto walifurahi; walipanda viti kuchukua vitabu, wakaona ni mchezo. Hawo aliwaangalia bila kukaa. Alizunguka chumba, akagusa ukuta, akazunguka tena. Ukuta mpya. Haukuwa na ufa hata mmoja. Alikuwa ameupigania ukuta ule.

"Ni yeye," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemwita."

"Basi mwambie arudi."

"Arudi wapi? Wameshabomoa."

Alasiri moja joto likazidi. Kadra, mtoto mdogo kuliko wote, akasinzia mkekani, kitabu kifuani. Hawo alitoka kuchota maji bombani, pale nje. Mimi nilikuwa kizingitini, natafuna miraa, nimeuziba mlango kwa tumbo langu hili. Hakuna aliyepita.

Hawo akarudi. Jagi likamdondoka.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Kadra alikuwa juu. Juu ya kabati la chuma, karibu na mabati, mahali ambapo hata mimi sifiki bila ngazi. Kalala. Kitabu bado kifuani. Mikono imekunjwa vizuri. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji.

Wenzake walikuwa wameinamia vitabu vyao. Hawakusikia kitu.

Tulimshusha kwa meza mbili. Hakuamka mpaka tulipomtoa nje, jua likamgusa.

"Watoe," Hawo alisema, polepole, asiwatishe. "Wote. Beba na mkeka."

Tuliwaketisha uani, kwenye kivuli cha ukuta. Akawahesabu. Akawahesabu tena. Kisha akanitazama.

"Nikawaweke wapi, shemeji?"

Nina mzaha kwa kila jambo. Nilitafuta mdomoni, sikupata.

Nikarudi ndani kuchukua viatu vyao. Mwezi ule mvua haikuwa imenyesha, si kwetu, si huko juu mto unakotoka. Mto ulikuwa umekonda, mbuzi wanatembea kwenye fungu la mchanga katikati. Lakini ukutani, juu ya rangi mpya, palikuwa na mstari wa tope, kama ule unaoachwa na mafuriko. Umenyooka. Umezunguka chumba kizima, ukapita na nyuma ya kabati.

Nilisimama kando yake, nikajipima. Ulinifika kwenye nyusi.

Nikaugusa. Ulikuwa mbichi.