Tundu la Pili la Pawabenki

SAA 7:05 MCHANA

Kling. Kling. Kling. Kijiko kiligonga kikombe gizani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, na Jenerali alikuwa anakoroga sukari ya watu. Vijiko vinne. Jenerali wa nini? Jeshi lake lote lilikuwa dereva mmoja mwoga na shemeji yake, Fundi, mjane wa kaka yake.

Alimulika mchoro mezani kwa simu yake: ofisi ya mnunuzi wa dhahabu.

"Shemeji anaua king'ora. Mimi nabeba mzigo. Tunaondoka."

"King'ora hakiuawi," Fundi akasema. "Ukikata waya wake tu, kinalia. Kwanza nalehemu waya wa kukwepa, ndipo nakata. Na uchochoroni hakuna soketi." Akaweka mezani kalamu ya kulehemia, nyembamba kama mswaki, na pawabenki ya chaji ya haraka. "Hii inaipa volti ishirini. Sekunde nane, imeiva. Ila tundu la pili lisiguswe. Ukichomeka kitu kingine, zinashuka mpaka tano, kalamu inapoa."

"Shemeji, umeme ni umeme."

"Ndiyo maana feni ilikurusha mpaka ukutani."

Dereva akacheka, akameza kicheko. Jenerali hakucheka.

"Ukiniangusha, nataja simu zote za wizi ulizonifungulia. Utaozea ndani. Mwanao atalelewa na nani?"

Chumba cha pili, binti wa miaka minne aligeuka usingizini. Fundi akafunga zipu ya mkoba.

SAA 8:40

Sikukuu. Uchochoro mtupu. Binti yuko kwa jirani, dereva yuko kwenye gari, na Jenerali, kwa kukosa kazi, ameshika pawabenki.

Ncha ya kwanza ya waya wa kukwepa ilikamata, ikang'aa. Ya pili ikagoma. Waya wa kulehemia ulilainika kama uji, kisha ukaganda. Fundi akakandamiza. Baridi.

"Kata!"

"Bado haijashika."

"Nimesema kata!"

Jenerali akamnyang'anya koleo, akakata mwenyewe. Kile kiungo kibichi kikabanduka. King'ora kikapasua mtaa.

Fundi akafuata kebo kwa macho. Kwenye tundu la pili ilining'inia simu ya Jenerali.

"Chaji ilikuwa asilimia nne," Jenerali akasema.

Gari likanguruma, likaondoka bila wao. Jenerali akatupa pawabenki chini, akampiga Fundi kikumbo, akatangulia kukimbia.

SAA 9:25

Fundi alimchukua binti kwa jirani, akafungua mlango wake. Jenerali alikuwa keshaingia kwa nyuma. Kiatu kimoja. Kamasi.

"Simu yako iko wapi?"

"Nimeitupa pamoja na ile pawabenki yako mbovu!"

Hodi ikapigwa. Nzito. Jenerali, simba wa uchochoro, akapiga magoti, akatambaa chumbani kama mende.

"Wakinipata, nakutaja," sauti ikatoka chini.

Mlangoni, askari wawili. Mmoja alishika simu iliyopasuka kioo.

"Mama, habari. Hii imeokotwa kwenye tukio. Namba ya mwisho kupigwa imeandikwa 'Shemeji Fundi Simu.' Mtaa mzima umetuelekeza hapa. Mwenye simu yuko wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Akimtoa, anakwenda naye. Akimficha, atamtumikia mpaka kaburini. Kiganja cha binti kilikuwa ndani ya chake, kidogo, cha moto.

"Sijui," akasema.

Binti akachungulia nyuma ya gauni lake, akawatazama askari mmoja baada ya mwingine.

"Baba mdogo yuko chini ya kitanda changu."